Boriti na Pumzi

 Wewe uliyefungua redio sasa hivi ukitafuta taarifa ya habari ukanikuta mimi, subiri. Usizime. Habari zitakuja kwa saa yake.

Nianze na swali. Umewahi kuwafuata wapiga matarumbeta kwenye arusi? Sisemi kuwatazama kwenye simu. Nasema kuwafuata kwa miguu, nyuma ya yule mpiga ngoma kubwa, kutoka barabara ya magari mpaka ndani ya vichochoro vya Mji wa Kale hapa Mombasa.

Kama umewafuata, kuna jambo umelisikia hata kama hukulipa jina. Kule barabarani sauti yao ni nyembamba. Upepo unaichukua, na honi za tuktuk zinaimeza. Wakikata kona wakaingia uchochoroni, mara wamekuwa watu wengine. Ni wale wale sita, wimbo ni ule ule, lakini sasa tarumbeta inakugonga kifuani na trombone unaisikia mpaka kwenye meno. Wameongeza nguvu? Hawakuongeza. Kuta zimejiunga na bendi.

Basi hilo ndilo tutakalolizungumzia jioni ya leo: kutunga muziki wa kikundi kidogo cha ala za kupuliza, huku jengo la kale likikuonyesha njia. Halafu kuna la pili, lililoshikamana na hilo la kwanza: kuuandika muziki huo kwa namna ambayo yeyote aliyekuja na ala yake atapata pa kuingia. Jengo, na nafasi ya kila aliyekuja. Yashike hayo mawili, tutayarudia.

Mimi nilifundisha muziki shuleni miaka mingi, na ala yangu ni klarineti. Nimesikia vipande vingi vilivyotungwa kwa heshima ya majengo. Vingi vyake vinafanana. Mtunzi akiambiwa ngome, anapiga ngoma kubwa na kupandisha tarumbeta. Akiambiwa msikiti wa kale, anatafuta kijinota cha huzuni. Akiambiwa ikulu, mwendo wa gwaride. Hizo ni kadi za posta, msikilizaji. Ukifunga macho huwezi kujua kama ni ngome ya Mombasa au ya Scotland. Jengo halina haja ya kusifiwa. Limesimama miaka 400 bila sifa zetu. Jengo linataka kuulizwa: wewe una urefu gani? Una vyumba vingapi? Sauti ikikuingia unaifanya nini? Na nani amekushikilia usianguke?

Sasa twende Venice, Italia. Nauli ni bure, fumba macho tu.

Pale ipo Basilika ya Mtakatifu Marko. Jengo tunaloliona leo lilianza kujengwa mwaka 1063. Umbo lake ni msalaba wenye mikono inayokaribiana kwa urefu, na juu yake kuba tano. Ndani, dari imefunikwa kwa vijiwe vidogo vidogo vya rangi na dhahabu. Ukipiga kofi mle, kofi halifi. Linapanda kubani, linazunguka, linarudi kukusalimu wakati wewe umeshalisahau. Padri anayehubiri haraka mle amejipa kazi ya bure.

Kanisa hilo lilikuwa na vinanda viwili vya mabomba, kila kimoja kwenye roshani yake, vikitazamana. Tangu enzi za Adrian Willaert, aliyeongoza muziki hapo kuanzia 1527, watunzi wa mji ule walizoea kuwagawa waimbaji makundi mawili yanayojibizana. Mwaka 1568 kanisa likaajiri wapuliza ala wa kudumu, mkuu wao Girolamo Dalla Casa pamoja na ndugu zake wawili. Kisha mwaka 1585 akaketi kwenye kinanda kimojawapo Giovanni Gabrieli, na hapo akabaki mpaka alipofariki mwaka 1612.

Huyu Gabrieli ndiye mtu wetu wa leo. Alikuwa na nini mkononi? Trombone za zama zile, zenye midomo myembamba na sauti ya upole kuliko za leo. Na ala moja iitwayo koneto. Usiichanganye na ile korneti ya shaba ya bendi ya polisi. Koneto ni mti uliotobolewa, ukavikwa ngozi, una matundu ya vidole kama filimbi, lakini hupulizwa kwa midomo inayotetemeka kama tarumbeta. Ni kitu cha katikati, si filimbi na si tarumbeta. Sisi watu wa pwani tusishangae sana, maana tuna siwa za Lamu na Pate, moja ya shaba na moja ya pembe ya ndovu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Ala za kupuliza hazikuzaliwa kwenye orodha ya duka.

Basi fikiria wewe ndiye Gabrieli. Wapulizaji wanne wako roshani hii, wanne roshani ile. Ukiwaandikia noti za haraka haraka, kuba zitazichanganya zote ziwe uji. Ufanye nini? Unaandika sentensi fupi. Kundi la kwanza linasema neno, linanyamaza. Mwangwi unamalizia. Kundi la pili linajibu, si kwa kuchelewa wala kwa kuwahi, bali pale pale mwangwi unapoanza kuchoka. Halafu mwishoni, baada ya kujibizana kote, wanane wanakutana kwenye sauti moja pana, na hapo unaliachia jengo lifanye kazi iliyobaki.

Umeona? Kile kimya kifupi baina ya makundi hakikuwekwa kwa urembo tu. Kimepimwa na kuba. Jengo limeingia ndani ya karatasi ya noti, na hakuna mahali palipoandikwa "hapa tunaelezea utukufu wa Venice".

Mwaka 1597 Gabrieli alichapisha kitabu, na ndani yake kipo kipande chenye jina la Sonata pian e forte. Maana yake, kwa ufupi, ni sonata ya upole na ya nguvu. Kina sauti nane: koneto na trombone tatu upande mmoja, fidla ya sauti ya chini na trombone tatu upande wa pili. Ni miongoni mwa vipande vya kwanza kabisa kuchapishwa vikiwa na maelekezo ya wapi upige kwa upole na wapi kwa nguvu. Lakini sikiliza alivyofanya, maana mimi kila nikiwaza huwa natabasamu. Palipoandikwa upole, kundi moja linapiga peke yake. Palipoandikwa nguvu, yanapiga yote mawili. Hakumwambia mtu apulize mpaka mishipa itoke. Aliwasha taa moja, kisha akawasha mbili.

Hapo nirudie: jengo ni la kuulizwa, si la kupambwa. Gabrieli aliuliza, akajibiwa.

Sasa lile jambo la pili. Katika Sonata pian e forte, Gabrieli alitaja ala. Lakini hiyo haikuwa desturi. Vipande vingi vya ala vya kitabu kile havisemi ala gani ishike sauti gani. Na vitabu vya zama zile vilijisifu kwa hilo hilo, kwamba muziki wake unafaa kwa ala za kila namna. London mwaka 1599, Anthony Holborne alichapisha ngoma zake za sauti tano, na jalada likasema zinafaa fidla za aina mbili au ala za kupuliza. Kwa nini? Sababu ya kwanza ni biashara. Mchapishaji anataka kumuuzia mwenye fidla na mwenye filimbi, wote. Sababu ya pili ni maisha. Leo una koneto mbili, kesho mpigaji mmoja ana homa. Mtunzi wa wakati ule alijua kwamba watu watabadilika, akaandika kitu kinachovumilia mabadiliko.

Baadaye, okestra ilipokua na kupata umbo lake, kila mtunzi akawa anaandika kwa orodha: filimbi mbili, klarineti mbili, honi nne. Ukikosa honi ya tatu, umekosa kipande. Utamaduni huo umezaa muziki mkubwa, siukatai. Lakini umetufanya wengine tuamini kwamba kipande kinachokubali ala yoyote ni cha watoto, ni cha kubahatisha, ni nusu muziki. Si kweli. Ni desturi ya zamani kuliko ile ya orodha.

Tukija hapa kwetu, utaona kwamba tumeishi hivyo siku zote. Makanisa ya Kilutheri ya Tanzania yana vikundi vya tarumbeta, urithi wa wamisionari wa Kijerumani. Kule Ujerumani, mchungaji Johannes Kuhlo wa Bethel, jumuiya ambayo misheni yake ilifanya kazi Usambara na Bukoba, alisimamia njia ambayo wapulizaji husoma noti zile zile wanazosoma waimbaji, kitabu kile kile cha nyimbo. Hakuna karatasi ya tarumbeta na karatasi ya kwaya. Ukiwa na watu wanne, una sauti nne. Ukiwa na watu arobaini, una sauti nne vilevile, ila zimenenepa.

Nje ya kanisa mambo si mepesi hivyo, na hapa nisamehe, nitaingia kidogo kwenye ufundi. Mpiga tarumbeta wa kawaida akisoma C, sikio linapokea sauti iliyo toni moja chini. Mwenye saksafoni ya alto akisoma C hiyo hiyo, inatoka mbali zaidi chini. Mwenye trombone akisoma C, ni C. Ukiwapa wote karatasi moja, utapata arusi ya mbuzi na majogoo. Kwa hiyo mtunzi wa muziki unaobadilika huandika sauti nne au tano tu, kisha kila sauti huinakili mara kadhaa, kila nakala kwa ala yake. Sauti ya pili ipo kwa klarineti, ipo kwa tarumbeta, ipo kwa alto. Ni kazi ya subira. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia bendi kubwa kukutana, walimu wengi wa ng'ambo walibaki na wanafunzi watano chumbani badala ya hamsini, na muziki wa namna hii ukatafutwa sana.

Wanakwaya mnaosoma do-re-mi najua mnacheka. Ninyi hamjali do iko wapi, mradi iko. Haya, chekeni, mna haki.

Kabla sijafika Lamu, ambako ndiko ninakotaka kukaa, nipite hapa jirani. Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na aliyechora ramani yake alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, mzaliwa wa Milan. Hesabu mwenyewe: 1593 Mwitalia mmoja anachora ngome Mombasa, na 1597 Mwitalia mwingine anachapisha sonata Venice. Hawakujuana, sidai hivyo. Ila wote wawili walikuwa wanapanga pembe zinazotazamana. Ngome ina buruji nne zilizochomoza, ili askari wa pembe moja alinde ukuta wa mwenzake. Mtunzi akiona nne zinazotazamana, mate yanamtoka. Anasema nitaweka mpulizaji mmoja kila buruji!

Pole pole, bwana. Umeiuliza ngome? Ngome ina ua ulio wazi, juu ni mbingu. Sauti ikitoka haina kuba ya kuirudisha. Inakwenda zake baharini. Na tena, sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde. Weka mtu hapa na mwenzake mita 100 mbali naye, basi kila mmoja anamsikia mwingine kwa kuchelewa karibu theluthi ya sekunde. Wakijaribu kupiga mpigo mmoja kwa kusikilizana, watavutana mpaka wachanike. Kwa hiyo ngome imekwisha kukujibu: usiniandikie mwendo wa pamoja. Niandikie wito na jibu, kama walinzi wanaoulizana usiku nani yuko macho. Pale palikuwa gereza mpaka 1958. Wito wa usiku unapafaa.

Wapo watunzi wanaouliza jengo hesabu zake, na hao nawaheshimu, ingawa wana hatari yao. Tarehe 25 Machi 1436, kanisa kuu la Florence liliwekwa wakfu, na Guillaume Dufay alitunga wimbo wa siku hiyo ambao sehemu zake nne zinafuata uwiano wa 6, 4, 2, 3. Mwaka 1973 mtaalamu Charles Warren alisema uwiano huo ni vipimo vya kanisa lenyewe lenye kuba ya Brunelleschi. Mwaka 1994 Craig Wright akasema hapana, hivyo ni vipimo vya hekalu la Mfalme Sulemani: dhiraa 60 urefu, 40 ukumbi, 20 upana, 30 kwenda juu. Fungua Wafalme wa Kwanza, sura ya 6, upime mwenyewe. Mimi naona Wright ana hoja nzito zaidi. Lakini je, aliyeketi kanisani siku ile alisikia 6, 4, 2, 3? Hakusikia. Hesabu ile ilikuwa ya mtunzi, ya kumpa mifupa. Mlaji hahitaji kuiona mifupa, ila bila mifupa hakuna nyama inayosimama.

Sasa Lamu.

Ukiingia nyumba ya kale ya mawe ya Lamu, jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba vyumba ni virefu na vyembamba. Virefu kama korido, vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakinyoosha mikono wanakaribia kugusa kuta mbili. Kwa nini? Mtu atakwambia ni mila. Lakini tazama juu. Dari imebebwa na boriti, miti ya mikoko. Mkoko haurefuki upendavyo. Boriti nzuri, iliyonyooka, yenye nguvu ya kubeba dari ya mawe na chokaa, hupita upana wa kama mita tatu, si zaidi sana. Fundi hakuanza na chumba akatafuta boriti. Alianza na boriti, chumba kikafuata. Alipotaka chumba kikubwa, hakuongeza upana. Aliongeza urefu, akapanga boriti moja baada ya nyingine, moja baada ya nyingine, mpaka akapata ukumbi.

Niliposimama chini ya dari ile, nikacheka peke yangu. Unajua kwa nini? Kwa sababu nimepuliza klarineti miaka hamsini, na hiyo ndiyo habari yangu. Pumzi ndiyo boriti ya mpulizaji. Mwenye fidla anaweza kuvuta upinde na kuurudisha, hata sikio lisijue. Mwenye piano anakanyaga. Sisi tuna mapafu mawili na basi.  Mwenye tuba, sauti ya chini kabisa, pumzi inamwishia mapema zaidi, maana lile bomba ni kubwa na halishibi.

Sasa kama hujui nani atakuja kupiga, kama muziki wako unabadilika kulingana na waliohudhuria, utapima sentensi kwa pumzi ya nani? Kwa fupi kuliko zote. Kama yule fundi wa Lamu. Sentensi fupi, zilizolazwa ubavu kwa ubavu, na kila moja ikianza kabla ya jirani yake kuisha, ili dari isitoboke. Nasema tena kwa sababu ndiyo kiini: usianze na ukumbi ukatafuta boriti. Anza na pumzi.

Nikaandika kipande cha dakika saba hivi, sauti nne. Na sauti hizo sikuziita klarineti ya kwanza, trombone ya pili. Niliziita kwa kazi zake. Sauti ya chini niliiita Msingi. Ya juu yake, yenye noti ndefu zinazoshikilia, nikaiita Ukuta. Ya tatu ni Boriti, zile sentensi fupi zinazopishana. Ya nne ni Zidaka, kwa jina la vile vidaka vinavyopangwa safu safu kwenye ukuta wa ndani, vya kuwekea vyombo vya kauri. Kila sauti nikaizuia isipande wala kushuka zaidi ya oktava moja na kidogo, ili iwatoshe wengi. Na Msingi na Ukuta, hao wawili peke yao, nikahakikisha wanabeba wimbo mzima bila kuaibika. Wakija wawili tu, nyumba inasimama. Wakija wanne, nyumba ina mapambo. Wakija kumi na wawili, watagawana.

Nikiri hasara yake. Msingi ukishikwa na klarineti badala ya tuba, uzito unapotea, na hakuna ujanja wa kuuficha. Gabrieli naye alijua hilo, ndiyo maana mahali alipotaka rangi fulani na si nyingine, alitaja ala. Mimi nilichagua kupoteza rangi ili nisipoteze watu. Mtunzi mwingine angechagua vingine, na asingekosea.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni mpangilio wa nyumba yenyewe. Unaingia kwa daka, ile baraza ya mlangoni ambako mwenye nyumba huzungumza na wapita njia. Kisha tekani, kijiukumbi cha ndani ya mlango, kisha kiwanda, ua ulio wazi wenye mwanga. Kisha misana miwili, vile vyumba virefu vyembamba, mmoja nyuma ya mwingine, ndipo ufike ndani. Na kila unapoingia zaidi, sakafu inapanda hatua. Kidogo tu, kizingiti kwa kizingiti. Mgeni wa kawaida anaishia dakani. Ndani ni pa wenyewe.

Sasa, muziki wa bendi tuliozoea unakwenda vipi? Unaanza taratibu, unakua, unakua, mwisho matoazi na mshindo, watu wanapiga makofi. Nyumba ya Lamu ikaniambia kinyume. Kelele iko mlangoni, kwa watu. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyonyamaza. Basi kipande changu kinaanza dakani na wapulizaji wote, kwa nguvu, kwa bashasha, kama salamu za barazani. Kiwandani mmoja anaacha. Kila chumba ufunguo unapanda hatua moja, na sauti inapungua. Kwenye misana, Zidaka inarudia kijisentensi kimoja, kila mara kikiwa kifupi zaidi: noti saba, noti tano, tatu, kama vile vidaka vinavyopungua ukubwa ili ukuta uonekane una kina. Ndani wanabaki wawili. Wawili wowote. Wanamalizia kwa pumzi moja, juu kuliko tulikoanzia na kimya kuliko popote.

Siku ya kukipiga kwa mara ya kwanza tuliazimwa nyumba na bibi mmoja mtu wa makamo, mjane, mwenye nyumba ya namna hiyo ambayo bado haijageuzwa hoteli. Tulipanga kuwa wapulizaji sita, mimi nikiwemo. Tulifika wanne. Wawili walipata arusi, na arusi inalipa, siwezi kuwalaumu. Tuba ilikwenda arusini. Tulibaki na mimi na klarineti yangu, kijana wa saksafoni ya alto, mpiga trombone, na mtoto wa darasa la saba mwenye filimbi ya plastiki ya shule. Huyo mtoto ndiye aliyepata Zidaka, na akaziweza kuliko nilivyotazamia.

Mpiga trombone alichelewa. Alipofika tulikuwa tumekwisha kuanza, naye kwa haya hakutaka kupita katikati yetu. Akasimama dakani, akafungua karatasi ya Msingi, akaanza kupuliza kutoka huko huko. Sauti yake ikaja kupitia tekani, ikakunja kona, ikafika kiwandani imepungua makali na imekuwa nzito, kana kwamba inatoka kwenye msingi kweli. Sikumwita aingie. Tukaendelea: sisi tunapanda chumba kwa chumba, yeye kabaki mlangoni, kila hatua tunamsikia kwa mbali zaidi. Tulipofika ndani nikamwashiria yule mtoto tubaki wawili, klarineti na filimbi ya plastiki. Trombone kule nje ikazima yenyewe.

Bibi mwenye nyumba alikuwa amekaa kiwandani na kahawa yake. Kutoka pale hakuweza kutusikia tena. Alingoja kidogo, kisha akaita kwa sauti:

"Mwalimu! Mumemaliza?"

Nikamjibu, "Bado, bibi. Tumeingia ndani."

Akasema, "Haya basi. Mkitoka mtaniambia."

Mpenzi msikilizaji, saa imenikata. Taarifa ya habari hiyo inakuja. Alamsiki.